Mtani wa Figo za Luhende

Luhende alirudi kutoka hospitali ya Tabora mjini akiwa mwembamba kama siku aliyooa, na kijiji kizima kikaja kumlisha. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kabla ya kulazwa alikuwa amevimba, si mchezo. Uso ulimfura mpaka macho yakabaki mistari, miguu haikuingia kwenye kiatu chochote, na tumbo lilijaa maji. Walimpandisha garimoshi pale stesheni ya Urambo kwa nyuso za watu wanaosindikiza jeneza. Lakini daktari aliyempokea, mtu mpole aliyependa kuongea na mgonjwa huku ameketi pembeni mwa kitanda, alimpa vidonge, akamnyima chumvi, akampimia maji ya kunywa kwa kikombe, na kidogo kidogo uvimbe ukaisha. Siku ya kumruhusu alimwita pamoja na mkewe, Benedikta.

"Mzee, figo zako hazijafa, zimechoka," alisema. "Ulaya wana mashine ya kumsafisha mtu damu. Hapa kwetu hatuna, kwa hiyo mashine ni wewe mwenyewe. Chumvi, acha kabisa. Maji, chai, uji, kila kinachonyweka, visizidi ujazo wa chupa mbili za bia kwa siku. Kila asubuhi bonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, jua maji yamerudi. Na utafute mizani popote ilipo, ujipime kila wiki. Uzito ukipanda ghafla usichekelee kwamba umenenepa. Panda treni uje."

"Na harusi ya binti yangu, daktari?"

"Ukijitunza, utaicheza. Usipojitunza, utahadithiwa humu wodini."

Maneno hayo yalimchoma Luhende kuliko sindano zote alizodungwa. Josepha ndiye mtoto wake wa pekee, ameposwa na kijana wa Nzega, na harusi ilipangwa baada ya Luhende kuuza tumbaku yake. Halafu huyu baba mtu si mchezaji wa kawaida. Urambo nzima, harusi ambayo Luhende hakuingia uwanjani kupiga mguu chini ilihesabiwa kuwa ni kikao tu. Aliapa mbele ya daktari na mbele ya mkewe kwamba chumvi na yeye basi tena.

Alikuwa mkweli alipoapa. Ila alikuwa amesahau anakoishi.

Kijiji chao kilikuwa kimoja kati ya vile vijiji vipya vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili, miti ya kuezekea bado inanukia ubichi. Watu walikuwa wameletwa pamoja kutoka huku na huku, na kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba yeye ni jirani mwema. Mgonjwa karudi? Basi, masufuria yakaanza safari. Huyu kaleta kuku, huyu mlenda wa karanga, huyu uji wa ulezi, huyu kibuyu cha togwa. Na mwaka ule chumvi ilikuwa imeadimika duka la ushirika, inakuja kwa msimu kama mvua, kwa hiyo aliyekupikia kwa chumvi alikuwa amekupenda kweli. Wenyewe walisema wakiufunua mfuniko: "Nimetia ya kutosha, mzee. Ile ya akiba."

Sasa umwambie nini mtu kama huyo? Umwambie chukua sufuria lako uondoke? Luhende hakulelewa hivyo. Alikuwa akijisemea kwamba kijiko kimoja hakiui, anakula kijiko kimoja, anashukuru. Tatizo ni kwamba wageni walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na kijiko chake. Benedikta alimpikia vizuri tu, mboga bila chumvi, ndimu na pilipili na tangawizi za kuchangamsha mdomo, lakini masufuria ya watu hakuweza kuyazuia. Angesemwa kwamba anamnyima mumewe chakula.

"Baba Josepha, si uliapa?" alimwuliza jioni moja, wageni walipokwisha kuondoka.

"Niliapa. Lakini hukumwona mzee wa watu alivyotembea na lile sufuria kutoka kule ng'ambo?"

Asubuhi yake alibonyeza muundi. Shimo lilibaki, dogo, likamtazama kama jicho. Akalifunika kwa suruali, hakumwambia mtu. Aliogopa, na aibu ikawa kubwa kuliko hofu.

Hali ingeendelea hivyo mpaka garimoshi la kumrudisha hospitali, kama mama mkwe asingepika jogoo.

Mama yake Benedikta, Bibi Leonia, alikuwa mtu wa heshima zake. Na mkwe kwa mkwe mnajua: hawatazamani usoni, hawagusani, hawazungumzi ovyo. Alifika na bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango akiwa amempa Luhende mgongo, akatuma salamu kupitia kwa binti yake.

"Shikamoo, mama," Luhende aliuambia ule mgongo.

"Marahaba. Mwambie mkwe wangu ale, apate nguvu," mgongo ukamwambia Benedikta.

Ukifunua lile bakuli, chumvi unainusa kabla hujaionja. Benedikta alimtazama mumewe kwa macho ya kusihi. Luhende akatazama paja la jogoo, akatazama mgongo wa mama mkwe, akaona hakuna pa kupita. Alilishika paja. Lilikuwa limekaribia mdomo kabisa wakati sauti ilipopasuka mlangoni.

"Weka chini, we mbeba mizigo!"

Alikuwa Swaumu. Mumewe, Mfaume, alifanya kazi stesheni, nao walikuwa Wazaramo wa pwani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, mababu wa huku walipokuwa wakibeba pembe hadi pwani, na wa kule wakawapokea, wakauguzana, wakazikana. Mtani hana haya. Anakutukana hadharani, anachukua kuku wako akaenda naye, siku ya msiba wako anakuja kucheka, na huruhusiwi kununa. Ukinuna unaonekana huna akili.

Swaumu aliingia bila hodi, akalinyakua paja mkononi mwa Luhende, akaketi katikati ya mkeka na kulitafuna yeye.

"Mtani!" Luhende alisema, mkono wake bado uko hewani.

"Nyamaza. Habari zako ninazo. Daktari kakukataza chumvi, wewe unajilimbikizia. Ukifa, nani ataitwa aje kushughulika na maiti yako? Si mimi mtani wako? Basi wiki hii nina nguo za kufua, sina nafasi. Utakufa nikikwambia." Akalamba vidole, akamgeukia Bibi Leonia. "Na wewe bibi, jogoo mtamu, lakini unataka kumfanya mwanao mjane? Mkwe mwenyewe umempata kwa tabu, na sura ya binti yako naiona."

Benedikta aliziba mdomo kwa kanga. Luhende alifunga macho akingoja dunia ipasuke. Badala yake akaona mabega ya mama mkwe yanatikisika. Yalitikisika, yakatikisika zaidi, mpaka kikatoka kicheko ambacho Luhende, miaka yote ya ndoa, hakuwahi kukisikia. Jogoo mzima aliliwa na Swaumu, na hakuna aliyeudhika hata kidogo.

Jioni hiyo hiyo Benedikta alikwenda nyumba za stesheni. Hakuzunguka. "Mtani," alisema, "mimi nikimkataza, mimi ni mke mkorofi. Yeye akikataa, ni mtu wa dharau. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumpokonya mtu sahani akacheka. Naomba uje kutupokonya."

"Kumpokonya Mnyamwezi chakula?" Swaumu alisema. "Hiyo si kazi, hiyo ni sikukuu."

Basi akawa anakuja. Ukipeleka sufuria kwa Luhende, unamkuta Swaumu mlangoni amekaa kama askari wa ushuru. Cha chumvi anakila au anakibeba kwake. Kisicho na chumvi kinapita. Watu walicheka, wakarudi nyumbani kusimulia walivyotukanwa, na wengine wakapika makusudi ili na wao watukanwe. Lakini katikati ya kucheka waliisikia sababu, na masufuria yaliyofuata yakaanza kuja na ndimu pembeni. Kiu nayo Swaumu alimfundisha namna ya kuidanganya. "Mimi mwezi mzima wa Ramadhani sinywi tone mchana, na nipo, na nimenenepa. Sukutua, tema. Kikombe kiwe kidogo, unywe taratibu, usinywe kama ng'ombe wa Igunga aliyefika bwawani."

Siku ya mizani ndiyo iliyombadilisha Luhende.

Mizani ya kumpima mtu mzima haikuwepo kijijini, ila kituo cha kununulia tumbaku kilikuwa na ile kubwa ya kupimia mitumba, marobota ya tumbaku. Swaumu alimpeleka siku ya soko, wakulima wamejipanga foleni. Mpimaji alikuwa Dionis, kijana mwenye sauti ya kengele, ambaye kazi yake ilikuwa kupima na kutangaza. Tumbaku iliyokauka sawasawa inapokelewa. Iliyojaa maji inarudishwa bani, kwenye banda la moto la kukaushia, kwa sababu kila mtu anajua kwamba maji ni uzito wa uongo.

"Mpime huyu," Swaumu alisema, akimsukuma Luhende juu ya jukwaa la mizani. "Hospitali walimtoa akiwa mkavu."

Luhende akataja uzito alioondoka nao wodini. Dionis alisogeza chuma cha mizani, akakodoa, akasogeza tena. Halafu akainua kichwa na kutangaza kwa ile sauti yake ya kazini: "Ina maji! Irudi bani!"

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Hata Luhende alicheka. Lakini alipokuwa akishuka pale juu, kicheko kilimwishia mdomoni. Yeye huyu, fundi wa bani, ambaye akilishika jani moja la tumbaku gizani anakwambia limebakiza maji kiasi gani. Yeye ambaye hajawahi kurudishiwa mtumba hata mmoja tangu aanze kulima, leo karudishwa mwenyewe. Alijisikia vibaya kama mtu aliyekamatwa amelowesha tumbaku yake ili aibie mizani.

"Mtani," alisema njiani, taratibu, "lile shimo la mguuni nimeliona kitambo. Nikalifunika."

"Najua. Mtu anayeshusha suruali kila akikaa, ana kitu."

"Sitafunika tena."

Swaumu hakumtania. Alimtazama tu, akaitikia kwa kichwa.

Kuanzia hapo Luhende alijitunza kama anavyotunza bani. Bani huliachi usiku ukalala fofofo. Unaamka, unaligusa jani, unajua moto uongezwe au upunguzwe. Akawa kila alfajiri anabonyeza muundi kabla hajamwamkia mtu. Alizijaza chupa zake mbili maji asubuhi, na kila alipokunywa kitu, chai au uji, alimwaga maji ya kiasi hicho kutoka chupani kwenye mche wa ndimu nje ya dirisha, ili ajue kilichobaki. Vidonge alivimeza bila kukumbushwa. Wiki ya kwanza alishuka kidogo, ya pili akashuka tena, na ule mche wa ndimu ukachanua vizuri. Siku Dionis alipotangaza "Inakaribia!" wakulima walimpigia makofi. Alirudi nyumbani akipiga mluzi wa ngoma, Benedikta akausikia tangu mbali, akalia kwa furaha huku anakoroga mboga.

Ila kwa watu, Luhende alikuwa bado mwoga yule yule. Chakula kikiletwa, anageuza shingo kumtafuta Swaumu. Swaumu akipokonya, yeye anacheka kwa aibu na kusema, "Mnamjua mtani wangu." Swaumu aliliona hilo.

Zikibaki siku chache harusi ifike, Swaumu akapata habari kwamba binti yake kajifungua Dar es Salaam.

"Naenda kumwona mjukuu," alisema. "Nitarudi na treni ya asubuhi ya harusi."

"Usiponiona nimekaa, mtani, ujue nimeingia mfukoni mwako tunakwenda wote," Luhende alisema. Alitania, lakini hofu yake ilikuwa ya kweli. Tatizo lake lilikuwa moja. Katika desturi za familia ile ya Nzega, baba wa bibi harusi hupewa kata ya kwanza ya wanzuki, pombe ya asali, mkononi mwa baba wa bwana harusi, na huinywa mpaka chini mbele ya watu. Kata yenyewe si ya mzaha; inaingia zaidi ya chupa zake mbili. Kukataa ni kusema ndoa huitaki.

Asubuhi ya harusi garimoshi lilipiga honi, lakini Swaumu hakuonekana. Wageni wa Nzega walifika wakiimba. Misa ikaisha, watu wakakaa uwanjani nyuma ya nyumba, karibu na bani. Josepha alikuwa amependeza mno, na kila Luhende alipomtazama alisahau figo. Halafu akakumbuka, akatazama njia ya stesheni. Hakuna mtu.

Mzee Mahona, baba wa bwana harusi, akasimama. Alikuwa mrefu, mkarimu, mwenye furaha zake zote mkononi, na mkononi alikuwa na kata imejaa mpaka povu linamwagika.

"Mkwe mwenzangu," alisema, "pokea. Kunywa uniachie kata tupu."

Ngoma zikanyamaza. Luhende aliipokea. Aliona uso wa Benedikta, aliyesimama ubavuni pake, umekuwa majivu. Alimwona Josepha anamtazama. Aliona kiu yake mwenyewe pia, msiseme hakuwa nayo. Harufu ya asali ilimwingia mpaka kwenye magoti. Hakukuwa na mtu wa kumpokonya. Mkono wa kulia ukaanza kuinuka wenyewe, kama siku ya jogoo.

Ndipo mkono wa kushoto ukachomoka, ukaivuta kanga begani kwa Benedikta, akajitupia kichwani, na kutoka mdomoni mwake ikatoka sauti nyembamba ya kike, ya pwani kabisa:

"Weka chini, we mbeba mizigo!"

Watu walishtuka. Mkono wa kushoto ukaishika kata na kuivuta. Wa kulia ukagoma.

"Mtani, hii ni heshima ya wakwe," Luhende alijibu kwa sauti yake mwenyewe, kinyonge.

"Heshima gani? Figo zako zimechoka, kata hii ni bwawa zima! Unataka bintiyo atoke harusini aende matangani? Na mimi nina nguo za kufua!"

"Lakini mzee Mahona atasemaje?"

"Aseme! Kwanza mtazame alivyo mrefu, yana pa kukaa maji. Mpe anywe yeye!"

Na kwa mikono miwili, kanga kichwani, akapiga goti kwa adabu zote na kumrudishia Mahona kata. Akaivua kanga, akasema kwa sauti yake, bila mtani: "Mkwe mwenzangu, mimi ni mgonjwa wa figo. Pombe hii nikiinywa, inanirudisha wodini. Naipenda ndoa hii, nataka nione wajukuu. Ninywee wewe, na mimi nitakuchezea."

Kisha, kutoka upande wa wanawake, kikaja kicheko anachokijua. Mama mkwe. Mgongo ulikuwa umegeuka. Kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama usoni, anacheka mpaka machozi. Kicheko kikashika uwanja mzima. Mzee Mahona alicheka huku anakunywa, akapaliwa, akapigwa mgongoni, akaigeuza kata juu chini kuonyesha ni tupu.

"Nani huyo kaiba sauti yangu?"

Swaumu alitokea nyuma ya bani, kifurushi cha safari kichwani, majani yamemshika kwenye baibui.

"Treni imechelewa?" Luhende aliuliza.

"Treni iliwahi. Nipo nyuma ya bani tangu mmetoka kanisani, siafu wamenimaliza." Akashusha kifurushi. "Ungeiinua kata mpaka mdomoni ningekurukia kama chui. Lakini nilitaka kwanza nione kama utaweza mwenyewe. Mfaume amehamishiwa Dodoma, mtani. Tunaondoka mwisho wa mwezi. Mimi siwezi kukulia kuku wako nikiwa Dodoma."

Luhende alitaka kusema asante, lakini kwa mtani asante ni matusi. Kwa hiyo aliinama, akafungua kifurushi cha Swaumu, akachukua pakiti ya biskuti za mjukuu, akaanza kuwagawia watoto.

"Mwizi!" Swaumu alipiga kelele, macho yamelowa. "Pigeni ngoma, mwizi huyu acheze!"

Akacheza. Alipiga mguu chini mpaka vumbi likapanda juu ya paa, kidogo, akapumzika kwenye kiti, akacheza tena, Josepha mbele yake, viatu vimemwenea vizuri miguuni.

Siku ya soko iliyofuata alikwenda mwenyewe kwenye mizani. Hakusukumwa na mtu. Swaumu alimfuata kwa mbali, amejifunga kibwebwe, akaketi juu ya mitumba ya watu. Dionis alisogeza chuma, akakodoa. Foleni yote ilingoja.

"Kavu!" akatangaza. "Inapokelewa!"

Kabla makofi hayajaisha, Luhende alikwisha kushuka, akavuta suruali hadi gotini, akabonyeza muundi mbele ya watu wote, akaondoa kidole. Ngozi ikarudi pale pale. Alimtazama mtani wake.

"Nenda Dodoma," alisema. "Nguo zako zifue kwa nafasi."